Sisimizi Yuko Mashine Gani

"Zote mbili ni nyeusi," fundi viatu alisema. "Na dada yangu kaniambia tu kwamba mashine yenyewe ni nyeusi. Basi."

Mwenye duka la michezo ya video, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alizikazia macho mashine mbili zilizokuwa mezani kana kwamba ndizo zenye kosa.

"Basi hajakwambia kitu, baba. Hii ya kushoto, mtandaoni watu kama siafu, hukosi wa kucheza naye. Ya kulia watu wachache, ila sauti inafika safi, haikatikikatiki. Vijana wanazigombania hapa mpaka wananuniana. Marafiki zako wanacheza ipi? Wafuate waliko."

"Sina marafiki. Namtafuta mwanangu."

Tangu wamzike mama yake, binti huyo alikuwa amerudi nchi ya mbali alikosoma, kwa shangazi yake, akajifungia chumbani. Simu ya baba hapokei. Sahani inawekwa mlangoni, inaondolewa vilevile. Asubuhi hiyo shangazi alipiga akilia: "Kaka, mtoto anakwisha! Sauti yake naisikia akiwa kwenye mchezo wake wa askari tu, anaongea na watu asiowajua." Fundi akaacha kiatu cha mteja na sindano ubavuni, akatoka mbio na aproni yake.

"Si niingie yoyote, nimtafute humo humo?"

"Kwa mchezo huo wa askari? Thubutu! Hizi ni wake wenza. Kila mmoja na nyumba yake, hata chumvi hawaazimani. Ukiingia siko, utaita mpaka ukauke."

Fundi akajishika kichwa. Kisha akainua uso polepole.

"Nipe vile vya kushika mkononi."

Mama wa duka akampa padi zote mbili. Fundi akafumba macho. Aliwahi kuletewa kitu kama hiki, mpira wa vile vifimbo vya dole gumba umelika, binti kakasirika machozi yanamlenga. Akamkatia ngozi laini, viduara viwili, akavigandisha kwa gundi. Vidole vyake vigumu vikapapasa padi ya kulia: kifimbo kimoja juu, kingine chini. Hapana. Akaishika ya kushoto. Vifimbo viwili sambamba, kama macho ya mtu.

"Hii," akasema. "Wallahi, ni hii."

Mama akamwashia, akamvalisha vipokea sauti, akamwandikia jina: Mgeni. "Na yeye anajiitaje?"

"Sisimizi. Nilimpachika mwenyewe alipokuwa mdogo, hakulikataa."

Wakatafuta. Akina Sisimizi walikuwa wengi, wamelala wote, ila mmoja taa ya kijani kando ya jina lake ilikuwa inawaka. Wakaomba kujiunga na kikosi chake. Ombi likakubaliwa.

Askari wa fundi akagonga ukuta. Akaanguka darajani. Akauawa, akafufuka, akauawa tena.

"We Mgeni," sauti ikasema masikioni mwake, nyembamba, imekauka, "mbona unakufa hovyo? Nifuate mimi. Kaa nyuma yangu."

Fundi akaziba mdomo kwa kiganja kilichonuka gundi. Mama wa duka akageuza uso, akajifanya anafuta kioo.

Akamfuata. Askari mdogo wa Sisimizi alipoinama, naye akainama. Alipokimbia, naye akakimbia, akijikwaa, mpaka wakafika kwenye nyumba mbovu iliyobomoka paa.

"Huongei?" Sisimizi akauliza. "Kifaa chako kibovu?"

Akisema, huenda binti akazima. Asiposema, atakuwa amekuja kufa humu bure. Fundi akavuta pumzi.

"Sisimizi," akasema. "Umekula, mwanangu?"

Masikioni ukabaki mvumo tu, na pumzi ya mtu inayopanda na kushuka. Taa ya kijani haikuzimika. Kwenye skrini mvua ilianza kunyesha kupitia paa lililobomoka, na askari mdogo, aliyekuwa ameelekea mlangoni, akamgeukia taratibu, akashusha bunduki.