Maziwa Yaliyovuka Kayapa

Ofisi yetu ina madirisha mawili, meza tatu, na watafiti watatu ambao hakuna aliyewahi kutueleza kwa nini tuliwekwa pamoja. Mimi, Sumeya, ni mtu wa uchumi. Nafuatilia wakulima wa Malakisi wanaoacha tumbaku, nijue wanahamia kilimo gani na wanakula nini wakati wa kuhama. Naim ni mhandisi, utafiti wake ni usalama wa gridi ya umeme, yaani nani anaweza kuuzima mji wa Bungoma na atauzima kwa njia gani. Lenah anasoma jeni za bakteria. Wakubwa wa chuo waliita mpango huo ushirikiano wa taaluma. Mimi naamini walikosa vyumba.

Tulishirikiana kweli, lakini katika chai. Naim hanywi maji mtu huyu, anakunywa chai ya maziwa kutwa nzima. Ndiye aliyenunua friji ndogo ya kuhifadhia maziwa, na kwa vile ofisini hapakuwa na nafasi, Lenah akamruhusu aiweke kwenye maabara yake, mlango wa pili. Kumbe wema nao una gharama yake.

Lenah ni mtu wa Saboti, chini ya Mlima Elgon, na bakteria wake walitoka kwenye vibuyu. Alikuwa amezunguka Saboti nyumba kwa nyumba akiomba mursik, yale maziwa yanayogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Alitenga bakteria wa kila kibuyu, akasoma jeni zao, akaonyesha nani ni ndugu wa nani. Ilikuwa kazi ya haraka, maana siku hizi maziwa ya Saboti yanapelekwa alfajiri kwenye tangi la kupozea, malipo yanaingia kwenye simu, na vibuyu vinabaki kuning'inia ukutani bila kazi. Mimi nilimwambia hayo ni maendeleo. Alinijibu kwamba hakatai, ila anaomba asubiriwe achukue chake kabla hayajafika kila mahali.

Kati ya vibuyu vyote, kimoja kilimshangaza. Kilikuwa cha mama yake mzazi, Peris. Maziwa yake yalikaa muda mrefu bila friji na bila kuharibika, na bakteria aliyeyagandisha hakufanana na mwingine yeyote. Lenah alimpa jina la mama yake, akaandika sura nzima ya tasnifu juu yake. Kisha mwaka jana presha ikamchukua Mama Peris kabla hajafikishwa hospitali ya Kitale.

Siku ya mazishi majirani walikuja kusaidia, kama ilivyo desturi. Wanaume walipiga hema, wanawake wakapika na kuosha kila chombo kilichokuwa jikoni, kibuyu kikiwemo. Walikiosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kwa roho safi kabisa. Kibuyu cha mursik hakioshwi hivyo. Bakteria huishi kwenye kuta zake, na ukiwaua hao umebaki na chombo kitupu.

Lenah alikuwa kando ya jeneza, hakuona. Alichosikia ni kelele jikoni. Mama Kipsang, mke mwenza wa mama yake, alikuwa amekishika kibuyu cha marehemu anavutana na wanawake. Huyo alikuwa akiishi upande wa pili wa ua wa kayapa, ule mmea wa miiba, ambao Mama Peris aliupanda kwa mikono yake, baada ya baba kufariki na wake zake wawili kukosana kuhusu mpaka wa shamba. Tangu hapo hawakusemezana. Wajomba walimtoa nje mama huyo, wakisema hata kaburi halijafukiwa na tayari anataka mali. Lenah amenisimulia kisa hicho mara nyingi, na kila mara mikono humtetemeka.

Kwa hiyo kilichobaki hai kutoka jikoni kwa mama yake kilikuwa ndani ya vichupa vichache kwenye friza ya maabara. Aliporudi kutoka mazishini alipitia hapo kwanza, akafungua friza, akashika kichupa kimoja mpaka vidole vikafa ganzi. Nilimwona. Nilijifanya natafuta sukari.

Wikendi ya Idd tuliondoka sote. Mvua kubwa ilinyesha hapa Bungoma, transfoma ikapasuka, na umeme ukawa unakuja na kukatika siku zote hizo. Maabara ina jenereta, na jenereta hulisha soketi nyekundu tu, ndizo za vitu visivyoweza kungoja. Jumanne asubuhi tulipofungua mlango, maji yalikuwa yametambaa sakafuni hadi miguuni petu. Friza ilikuwa vuguvugu. Kando yake friji ya chai ilinguruma vizuri, na maziwa ya pakiti ndani yake yalikuwa baridi kabisa.

Naim aliinama akaufuata waya kwa mkono, kutoka friji hadi soketi nyekundu. Ukutani kwake ofisini amebandika sentensi ya ripoti yake mwenyewe, kwamba hatari ya gridi si yule anayeruka ua bali yule mwenye ufunguo. Alibaki amechuchumaa pale.

"Ni mimi," alisema. "Nilichomoa friza Alhamisi, nikaweka hii. Nilijua stima itasumbua. Nikasema nitabadilisha kabla niende, halafu nikasahau."

Lenah hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Maziwa yako ni nzima?" alimuuliza.

Alijaribu kuwafufua bakteria wake mmoja mmoja. Wa vibuyu vingine waliota, wengine kwa shida. Wa Peris hawakuota. Msimamizi wake alimfariji kwamba jeni zote zimeshasomwa na zimo kwenye kompyuta, sura itasimama, ila ile sehemu ya majaribio ya mwisho aiache. Lenah alirudi ofisini akakaa.

"Ati niko na herufi zote za jeni," alisema. "Herufi zitagandisha maziwa gani? Sumeya, mamangu amekufa mara ya pili."

Niliangalia ramani yake ya Saboti iliyo ukutani, yenye alama nyekundu kwenye kila nyumba aliyochukua maziwa. Ndipo nikaona nyumba moja haina alama. Ilikuwa imegusana na ya mama yake.

"Na hapa?" nikamuuliza.

"Hapo hapana."

"Hawana kibuyu?"

"Wako nayo. Si unajua ni kwa nani."

Hasira zilinipanda, na nikiwa na hasira huwa sichagui maneno. Nilimwambia kwamba mimi nikiruka shamba la mtu Malakisi kwa kuwa simpendi, wataniita mpishi wa takwimu. Nilimwambia amevuka mito na kupanda milima kutafuta maziwa ya wageni, akaacha ya jirani wa karibu kuliko wote. Alinijibu kwamba huyo mama hatampa hata maji. Naim alikuwa ameshachukua ufunguo wa gari.

Tulipita Kitale tukanunua sukari, majani ya chai na leso nzuri ya kijani. Njia nzima Lenah alikaa nyuma na mkebe wake wa barafu mapajani. Tulipofika Saboti, Mama Kipsang alikuwa akianua mahindi. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyo na haraka. Alimtazama Lenah kuanzia viatu.

"Karibuni," alisema. "Lenah, nilifikiria hujui hii gate yangu."

Naim, maskini, alianza kukiri dhambi zake hata kabla hajaketi. "Mama, mimi ndiye nimeharibu hii kitu. Kuna friza ya shule—"

"Kunyweni kwanza. Maneno iko tu."

Alituletea vikombe vitatu vya mursik, yenye rangi ya majivu kutokana na ule mkaa. Mimi na Naim tulikunywa tukashukuru. Lenah alipiga funda moja akasimama hapo hapo. Alikiweka kikombe chini, akakichukua tena, akaonja kidogo sana.

"Hii ni ya mama," alisema.

"Ni yangu," alijibu Mama Kipsang. Akaketi. "Na ni yake."

Kisha akatusimulia, akipukuchua mahindi huku anaongea. "Wakati ya vita hapa mlimani, wewe ulikuwa mdogo, tulikimbia wote Kitale. Watu walibeba godoro, mimi nikabeba kibuyu. Walinicheka bana. Kurudi, nyumba ya mamako imechomwa, hana kitu. Asubuhi moja namuona hapo kwa kayapa. Hakusema kitu. Alinyosha tu kibuyu mpya, mikono mbili. Nikamwagia."

"Hamkuongea?" Lenah aliuliza.

"Tuongee nini, na tulikuwa tumekosana? Nilimwagia, akaenda. Halafu mimi nikashikwa na ugonjwa, nikalala miezi, kibuyu yangu ikaharibika. Nikapona, nikaenda hapo hapo, nikanyosha. Akanimwagia. Tukakaa hivyo mpaka akakufa. Hii maziwa haijui ya nani ni gani."

"Na siku ya mazishi..."

"Niliambia hao wanawake wasioshe na sabuni. Nilisema hiyo kibuyu mkiosha mtamaliza huyu mama kabisa. Wajomba wako wakasema nataka mali." Alichukua hindi jingine. "Wewe uliniangalia tu."

Lenah alisema hakujua. Sauti yake haikufika mbali.

"Hungejua. Hukuuliza. Uliuliza Saboti yote. Nilikuwa nakuona ukipita hapo barabarani na hiyo mkebe, nasema leo ataingia. Naosha kikombe, naweka hapa. Unapita. Siku ingine tena naosha."

Mimi nililia, na sioni haya kusema. Naim aliinamia kikombe chake kitupu. Lenah alitoka kwenye kiti akapiga magoti mbele ya yule mama, akamshika mikono pamoja na bunzi la mahindi lililokuwa ndani yake, na walikaa hivyo muda mrefu bila neno, kama walivyozoea kuishi watu wa boma lile.

Baadaye Lenah alitoa chupa yake ya maabara. Mama Kipsang akaijaza bila taabu.

"Hiyo ni ya shule," alisema. "Ya nyumbani iko wapi?"

Lenah alikuwa na ufunguo wa nyumba ya mama yake. Alizunguka kwa barabara, akaingia, akatoka na kile kibuyu kilichooshwa, akawa anarudi nacho barabarani. Mama Kipsang akampigia ukelele kutoka uani.

"Usizunguke. Kuja hapa."

Aliposimama mama huyo palikuwa na upenyo kwenye kayapa, mdogo, wa kupitisha mikono tu. Miiba ya hapo ilikuwa imeisha, na matawi yamelainika kwa kuguswa. Alipokea kibuyu, akakinusa, akakunja uso.

"Mpaka leo inanuka sabuni."

Alikipeleka mekoni, akachoma kijiti cha senetwet, akakisugua kibuyu ndani kwa kaa hilo taratibu, akakung'uta, akasugua tena. Kisha alikirudisha kwa Lenah kupitia upenyo ule, akachukua chake. Lenah alikinyoosha kwa mikono miwili. Maziwa yalipita katikati ya kayapa, kutoka kibuyu hadi kibuyu, na hata tone halikumwagika. Mkono wa Mama Kipsang ulikuwa mtulivu. Wa Lenah pia, kwa mara ya kwanza tangu nianze kusikia habari za boma lile.

Maabara ilithibitisha yale ambayo ulimi wake ulishasema. Bakteria wa chupa ile na yule wa kwenye kompyuta walikuwa mmoja, jeni kwa jeni. Majaribio yakaendelea, sura ikasimama. Friza sasa iko kwenye soketi nyekundu, na plagi yake Naim ameifungia ndani ya kisanduku cha chuma ambacho yeye mwenyewe hana ufunguo wake. Friji ya chai aliigawa. Siku hizi hunywa chai ya rangi, na hakuna aliyemlazimisha.

Siku majibu yalipotoka, Lenah alimpigia simu Mama Kipsang, akafungua spika ili sote tusikie. Alimweleza kwa utaratibu kwamba amepima, na kwamba maziwa yao ni yale yale kabisa.

"Si nilikuambia," alisema Mama Kipsang. "Kibuyu ya mamako iko aje?"

"Niliiacha kwa nyumba yake. Imejaa."

"Hiyo sasa imeiva, lazima inywewe iwekwe ingine. Kibuyu haikai hivyo. Kuja Jumamosi."

"Nitakuja. Nitapitia hapo kwa ua."

"Hapana," alisema yule mama, na nyuma yake tulisikia panga likigonga mti. "Nimeambia Kipsang akate kayapa. Mikono yangu imechoka kupita hapo. Hii Jumamosi upite mzima."

Naim aligeukia dirishani.

"Sawa, mama," Lenah alisema.