Maili Saba za Virginia

Tope lilikuwa limefika droo ya pili ya kabati la jikoni. Droo ya juu ilifunguka. Ya pili ilikataa katakata, na Delphia Ratliff akaiacha na vitambaa vya mama yake mlemle ndani. Ilikuwa siku ya tatu tangu mto uingie ndani, na nyumba nzima ilinuka chura na mafuta taa.

Askari wa kaunti alisimama mlangoni, hataki kuchafua buti zaidi.

"Bi Delphia, toka bwana. Bomba la gesi limepasuka huko juu. Wote leo mnahamia ukumbi wa shule."

"Natoka. Nichukue vitu vyangu vitatu."

"Na kama una bunduki, usiache. Wezi wameshaanza kuvunja."

Vitu vitatu vyenyewe vilikuwa hivi: dawa za presha, funguo za basi la shule namba kumi na nne aliloliendesha miaka ishirini na sita, na bunduki fupi ya babu yake pamoja na karatasi yake, iliyokaa ndani ya Biblia, na Biblia ndani ya mfuko wa mkate ili isilowe.

Babu alikuwa mchimba makaa. Wakati wa mgomo alilala na bunduki hiyo ya marisau chini ya mto wa kulalia, mtutu wake inchi kumi na mbili tu. Mwaka 1968 serikali kuu ilitoa mwezi mmoja: mwenye bunduki fupi aiandikishe, asiyetaka akikamatwa asilie. Wanaume wengi wa bonde lile waliona huo ni mtego, wakazifukia zao shambani. Baba yake Delphia alijaza fomu kwa mwandiko wake wa darasa la nne, akatuma. Alipokufa, Delphia alingoja kibali cha kuirithi miezi saba, bunduki ikiwa imefungiwa kwa wakili wa mirathi, na siku zote hizo hakuigusa hata kwa kidole. Baba alikuwa na somo moja tu, na alilirudia mezani mpaka maharage yakapoa: "Ukisimamishwa, sema wewe kwanza. Toa karatasi kabla hawajaiona bunduki. Mwenye karatasi hana cha kuogopa." Masikini mzee wa watu, aliyaamini hayo mpaka kaburini.

Daraja la Turkeypen, la kutoka kwake kwenda shuleni, halikuwepo. Palibaki nguzo mbili, na katikati yake maji ya rangi ya kahawia yakipita na mlango wa friji ya mtu. Njia ya mlimani nayo ilikuwa imeporomoka. Kijana mmoja wa kaunti alikuwa anapigilia ubao wenye mshale wa njano.

"Fuata mshale, mama," alisema. "Unaingia jimbo la Virginia maili saba, halafu unatokea tena kwetu Kentucky. Hakuna njia nyingine."

Delphia akafuata mshale. Bunduki ilikuwa nyuma ya kiti, imefunguliwa, haina risasi, kwenye mkoba wake wenye kufuli, kama sheria inavyotaka. Hakuwaza kwamba anakwenda Virginia. Alikuwa anakwenda shuleni.

Kwenye maili ya nne palikuwa na kizuizi cha askari. Mbele yake alitangulia jirani yake, Orbin Stiltner, na lori lake dogo. Kwenye kioo cha nyuma Orbin alining'iniza bunduki yake nyeusi, mpya, ndefu, isiyodaiwa karatasi, ya risasi thelathini mfululizo. Askari aliitazama, akaisifu, wakacheka kidogo.

"Ni ya kulungu hiyo, au ya vita?"

"Ya yeyote atakayeigusa friji yangu."

"Haya, pita mzee."

Ikawa zamu ya Delphia. Askari alikuwa kijana, ndevu ndizo kwanza zinaota, na kifuani amebandika kamera ndogo. Alikuwa anataka tu kujua anakokwenda. Wallahi, hakuuliza kingine. Delphia akashusha kioo, akaweka mikono miwili juu ya usukani, akasema yeye kwanza.

"Habari za kazi, mwanangu. Nakwenda kwenye ukumbi wa shule. Nyuma ya kiti kuna bunduki fupi ya marisau. Imeandikishwa. Karatasi hii hapa."

Kijana akaichukua karatasi kwa vidole viwili. Akaisoma, akairudia.

"Hii inasema Kentucky."

"Ndiko kwetu."

"Hapa ni Virginia, mama. Bunduki kama hii haivuki mpaka wa jimbo bila kibali cha serikali kuu. Unacho?"

"Sijahama, mwanangu. Daraja limechukuliwa na maji. Wenzako ndio wamenielekeza huku."

"Unaijua sheria lakini?"

Hapo ndipo alipokosea. Alikuwa amechoka, soksi zimeloa, na kijana huyu alikuwa na umri wa watoto aliowashusha kwa mlango wa basi wakiwa wanalia kamasi.

"Sheria ya bunduki hii naijua tangu kabla mama yako hajaolewa," alisema.

Kijana hakukasirika. Alirudi kando, akaongea kwenye redio kwa muda mrefu. Magari yaliyokuwa nyuma ya Delphia yakapitishwa, moja baada ya jingine.

*

Wakili aliyepewa na mahakama ya serikali kuu kule Kentucky, kesi ilikohamishiwa, aliitwa Pruitt, mtu mwema mwenye macho ya asiyelala. Miezi mitano baadaye, kwenye chumba kisicho na dirisha, alimwonyesha Delphia ile video ya kamera ya kifuani. Delphia alijiona anatabasamu. Alijisikia akisema ile kauli ya mama yako hajaolewa.

"Hiyo ndiyo inayotumaliza," Pruitt alisema. "Ilibidi wathibitishe kwamba ulijua. Umewathibitishia mwenyewe."

"Lakini niliwaambia mimi! Ningenyamaza wasingeona kitu."

"Kweli. Ungenyamaza, ungepita."

"Na yule kijana aliyetundika mshale?"

"Anasema hakujua umebeba nini. Na hakujua kweli." Pruitt alifunga jalada. "Nikuambie ukweli, Bi Delphia. Walitangaza kwamba watashughulikia wenye silaha haramu wakati wa mafuriko. Wezi hawakukamatwa. Wewe umo kwenye hesabu yao. Ukibisha, ni mpaka miaka mitano jela. Ukikiri, kifungo cha nje, miaka mitatu, unakwenda kulala kwako."

"Kwangu?"

"Kwako."

Tangu mafuriko Delphia alilala kwenye kitanda cha turubai ukumbini, kisha kwa binamu yake mjini, kwenye kochi. Orbin alikuwa amemtandikia sakafu mpya ya mbao na kumkwangulia tope. Jiko linawaka, alimwambia, kilichobaki ni wewe. Kila usiku kwenye kochi lile Delphia aliitembea nyumba yake chumba kwa chumba mpaka usingizi umchukue. Akakiri.

Jaji alisoma haraka haraka, kama mtu anayesoma bei. Mkosaji wa kosa kubwa. Hataruhusiwa kumiliki bunduki ya aina yoyote maisha yake yote. Bunduki ndiyo iliyompatia nyama ya mawindo ya majira ya baridi, lakini hilo halikuandikwa mahali. Bunduki ya babu ikatwe vipande. Shule ilikuwa imeshapeleka barua yake wiki ile ile aliyoshtakiwa: arudishe funguo. Delphia alisema "Ndiyo, mheshimiwa" mara nne. Hakulia. Alijishikilia kwenye lile neno, kwako.

Afisa wa uangalizi alikuwa msichana mpole mwenye sweta la njano. Alimsomea masharti, akimwekea alama za kutia sahihi.

"Na hili la saba: hutatoka nje ya eneo la mahakama hii bila ruhusa yangu ya maandishi. Eneo linaishia mpaka wa jimbo."

Delphia akainua kalamu.

"Daraja la Turkeypen bado halijajengwa, binti."

"Ndiyo, nimesikia. Wanasema labda mwakani."

"Basi kwangu kunafikwa kwa kupita Virginia. Maili saba."

Msichana alitazama ramani ukutani. Alisimama, akaifuata barabara kwa kidole, akarudi kukaa. Uso ulikuwa umemwiva.

"Utajaza maombi," alisema. "Majibu ni siku kumi za kazi."

"Mara moja tu?"

"Kwa kila safari. Kwenda ni moja, kurudi kuja kuripoti kwangu ni nyingine. Na unaripoti kila Jumatatu."

"Sasa hesabu hiyo inaingiaje, mwanangu?"

Msichana alimsogezea fomu, na kalamu nyingine, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa imegoma.

*

Orbin alikuwa anamngoja nje, amemletea mkate wa mahindi kwenye karatasi. Waliendesha mpaka kwenye mshale mwingine wa njano, wa upande huu wa maili saba, ambao sasa umepaushwa na jua.

"Simamisha," Delphia alisema.

"Ah, Delphia! Kizuizi kilishaondoka zamani. Nani atakuona?"

"Nimesema simamisha."

Aliteremka na mfuko wake, akasimama kando ya barabara, hatua tatu kabla ya kibao cha kuwakaribisha watu Virginia. Orbin alizima injini. Bunduki yake nyeusi ilining'inia kwenye kioo cha nyuma, pale pale.

Basi namba kumi na nne likaja nyuma yao, limejaa, kwa kuwa ilikuwa saa tisa na nusu. Dereva mpya hakumjua. Alidhani ni bibi anayengoja lifti, akasimama, akafungua ule mlango unaolia kila ukifunguliwa, mlango ambao Delphia aliutia grisi mwenyewe kila Septemba.

"Unavuka, bibi?"

Watoto wakamtambua. Wakaanza kugonga vioo. "Bi Delphia! Bi Delphia, panda! Tunakwenda nyumbani!"

Delphia alifungua mfuko, akaitoa ile karatasi ya 1968 kwenye Biblia, yenye mwandiko wa baba yake, akaishika mbele yake kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa mezani, ili dereva aione.

Dereva aliitazama. Kisha akafunga mlango, akafuata mshale.