Hesabu Iliyogoma Kutoka Nyumbani

Mwishoni mwa mwaka 1994, karibu kila aliyerudi Kigali na shahada alipewa cheo. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo Bujumbura mwaka uleule, nikapewa usaidizi katika ofisi ya misaada. Mukankusi, aliyekulia Tabora na kufundisha chuo kikuu Dar es Salaam, daktari wa hesabu, alipewa stoo ya ofisi hiyohiyo.

"Blanketi na sabuni," aliniambia siku tulipokutana. "Miaka yote hii nasomea namna ya kutafuta njia fupi kuliko zote, nimefika nyumbani nikabidhiwe blanketi."

Alicheka, nami nikampenda hapohapo. Tuliongea Kiswahili. Yeye hakujua Kifaransa, Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, na Kinyarwanda chake cha Tabora kiliwachekesha watu kama Kirundi changu.

Utafiti wake ulihusu kanuni za kukokotoa jibu lililo bora kwa hatua ndogondogo. Hakuwa ameuacha. Alitaka vitu viwili tu: chumba kitupu cha nyuma ya ofisi, na ruhusa ya kutumia kompyuta yetu pekee kila jenereta ikiwashwa. Mkuu wetu alikuwa Bwana Rwema, aliyekulia Uganda, mtu wa haraka asiyependa kukaa. Alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Doctor, hesabu ni ya nchi zilizomaliza kujenga," alisema. "Hapa watu iko na kiu."

"Basi tuanze na kiu," Mukankusi akajibu.

Ofisi ilikuwa imepata tangi kubwa la maji kwa ajili ya bonde la Kimisagara, na kila kundi la wakazi lilitaka liwekwe mlangoni kwake. Mukankusi aliahidi kutafuta mahali ambapo, watu wote wakijumlishwa, wangetembea na madumu yao umbali mdogo kuliko kokote kwingine. Akikosea, angebaki stoo bila kununa. Akipatia, chumba na kompyuta ni vyake. Rwema alimpa mkono, nao wakakubaliana.

Tuliteremka bondeni tukapima sehemu tambarare na kuhesabu nyumba zenye moshi. Zisizo na moshi tulizipita kimya. Zilikuwa nyingi.

Njia yake niliielewa haraka. Unachagua mahali popote pa kuanzia, kisha unaliuliza kila kundi la nyumba linakuvuta upande gani. Unasogea kidogo, unauliza tena. Ni kama mtu aliyefungwa kitambaa machoni, anavutwa mikono na jamaa zake wote kwa pamoja. Mvuto ukilingana pande zote, anasimama. Hapo ndipo penye jibu.

"Tuanzie wapi, dada?" nilimuuliza tuliporudi ofisini, vidole vikiwa tayari kwenye kompyuta.

"Popote. Jibu litakuwa lilelile." Kisha akaongeza, "Anzia kwetu."

Kwao ni uwanja wenye nyumba ya familia, juu kidogo ya karakana ya fundi mmoja wa mabati, ambapo mama yake alizaliwa. Mukankusi aliujua kwa masimulizi tangu utotoni, ila hakuwa ameuona mpaka Agosti. Jamaa waliobaki pale hakumkuta hata mmoja. Familia tano nyingine zilikuwa zimejihifadhi humo. Sikuona ajabu tuanzie hapo. Sisi tuliokulia ugenini, kila safari tuliyoiota utotoni ilianzia au kuishia kwenye nyumba ambayo hatukuwahi kuiona.

Kompyuta ilijibu mara moja. Hakuna haja ya kusogea, ilisema. Jibu ni pale pale.

Mukankusi alifuta macho kwa upindo wa kitenge chake, akacheka. "Mama angesikia hii," alisema. Tukampelekea Rwema habari, naye akamwambia Mama Nahimana, aliyesimamia foleni ya maji. Kesho yake asubuhi watu walianza kuchimba msingi uwanjani.

Asubuhi hiyohiyo Mukankusi aliketi tena kwenye kompyuta, kwa raha tu. Alitaka kuona namba zikitoka mbali na kurudi nyumbani kwao hatua kwa hatua. Akaanzia kanisani. Namba ziliteremka taratibu zikasimama kwenye kiwanja kilicho mbele ya karakana. Akaanzia sokoni. Karakana tena. Akaanzia ukingoni mwa bonde. Karakana.

Alinigeukia.

"Iteka," alisema, "kila mvuto tunaugawa kwa umbali. Ukiwa umesimama nyumbani, umbali wa kufika nyumbani ni ngapi?"

"Sifuri."

"Nami niliiambia mashine, ukikuta sifuri simama, maana utakuwa umefika." Alivua miwani. "Haikufika, mdogo wangu. Haikuondoka."

Alijifunga kitambaa kichwani. "Chumba kimekwenda," alisema. "Twende kabla hawajamwaga zege."

Rwema na Mama Nahimana walikuwa kando ya shimo. Mukankusi aliwaambia moja kwa moja kwamba mahali si pale.

"Jana mlisema mashine imesema," Mama Nahimana alisema, mikono kiunoni. "Leo imekula nini?"

"Mashine haina kosa, mama. Kosa nimelifanya mimi. Niliianzishia nyumbani, ikagoma kutoka."

"Hata mimi ningegoma. Kwa joto hili."

Rwema hakucheka. "Doctor, hii watu nimewaambia kwa mdomo yangu. Sasa nawaambia nini? Hesabu imebadilisha roho?"

Mukankusi aliutazama ubao mpana uliokuwa umeegemezwa ukutani. "Niazime huo," alisema, "na mtu akatuombee keekee ya kutobolea mbao kwa seremala."

Tuliuweka ubao juu ya mapipa mawili. Alichora bonde lote kwa mkaa, akatoboa tundu kwa kila kundi la nyumba. Mimi nilifunga nyuzi pamoja kwa fundo moja, kila uzi nikaupitisha kwenye tundu lake na kuning'iniza chupa chini. Mama Nahimana ndiye aliyetia maji kwenye chupa: kundi lenye nyumba nyingi, maji mengi. Alibishana nasi kuhusu kundi lake mwenyewe, akapunguza mwishowe kwa kusonya.

"Shika fundo, bwana," Mukankusi alimwambia Rwema. "Liweke kwenye tundu la kwetu. Haya, liachie."

Rwema aliliachia. Fundo lilitetemeka juu ya tundu, likachomoka, likateleza polepole na kutulia mbele ya karakana. Alilirudisha juu. Likateremka tena. Akalipeleka sokoni, kanisani, kila mahali, kama mtu anayemkamata mwongo, nalo likarudi palepale.

"Eh," alisema Mama Nahimana. "Basi ni karakana. Mwambieni yule fundi aondoe mabati yake."

Mukankusi alikuwa ameinama chini ya ubao, ameshika ile chupa ya kwao. "Inalivuta fundo kwa uzito wake tu," alisema taratibu. "Wengine wakizidi uzito huo, fundo linatoka. Wasipozidi, linabaki. Iteka, hatuhitaji kugawa kwa sifuri. Tukiwa nyumbani tunalinganisha uzito, kisha tunachagua." Akaokota mkaa, akaanza kuandika alama kwenye ukingo wa ubao. Nilimsogelea na kusoma. Ilikuwa kanuni mpya, fupi, na nilipoijaribu kichwani sikuona mahali pa kukwama.

Rwema aliwaita wachimbaji, akawaonyesha karakana. Kisha akarudi akasimama nyuma yetu.

"Ungenyamaza, tangi lingekaa hapa kwenu," alimwambia Mukankusi.

"Lingekaa."

"Sawa. Ufunguo ya chumba iko kwa mlinzi, Uwimana. Jenereta inawaka saa mbili mpaka saa sita. Blanketi nitatafuta mtu mwingine." Alingoja. Mukankusi aliendelea kuandika. "Sasa huyu hata hashukuru?"

"Ameshaanza kazi, bwana," nilimwambia.