Robo Saa Mbele ya Kitambaa

"Umeniandika gazetini kwamba naogopa mkasi," fundi cherehani alisema, mkono kiunoni, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Leo mwalimu wa ghorofa ya chini kaja kuchukua kitambaa chake, hata hakijakatwa. Gauni la mahafali ya binti yake, Profesa. Miaka kumi namshonea yule."

Jirani yake, ambaye jengo zima lilimwita Profesa ingawa hakuwa profesa wa chochote, alisimama mlangoni pake akiwa na kandambili mguu mmoja tu. Kila Jumapili aliandika gazetini juu ya foleni, vyombo vichafu na salamu za ngazini, akichokonoa falsafa iliyojificha humo.

"Kwani umeisoma makala yenyewe, dada?"

"Nisome nini? Nimeambiwa."

"Na mwalimu?"

"Naye kaambiwa. Na mke wa fundi bomba."

Katika jengo lile maneno yalipanda ngazi haraka kuliko watu. Profesa akaleta gazeti, akasoma palepale. Alikuwa ameandika kwamba jirani yake, kabla ya kukata, husimama robo saa mbele ya kitambaa. Hukigusa, hukigeuza, hukiinua kwenye mwanga.

"'Mkasi haujui samahani,'" alisoma. "'Sisi huoa, huhama na kutukanana bila hata dakika moja ya namna ile. Nimesoma vitabu vya wenye hekima nusu ya umri wangu. Kufikiri kwenyewe nilikuona kwa jirani, dirisha likiwa wazi.'"

Robo saa ile mama wa fundi alimgombezea, mumewe akaicheka, na mwenyewe aliionea haya akidhani ni woga. Aliitazama mikono yake kana kwamba imeletwa na mgeni.

"Kumbe," alisema polepole. Kisha, "Vaa viatu. Tunashuka kwa mwalimu, ukamsomee kwa mdomo wako."

Mwalimu alisikiliza akiwa na mwiko mkononi, uso umekunjamana. Kidogo kidogo ukakunjuka.

"Hebu rudia hapo pa mkasi."

Profesa akarudia. Mwalimu akaingia chumbani, akarudi na kitambaa, akampa fundi kwa mikono miwili, kama anayekabidhi mtoto mchanga.

"Kitazame utakavyo," alisema. Akageukia jikoni. "Binti, ongeza sahani mbili. Na nyie mnasimama nini hapo mlangoni? Piteni tule."