Noti Niliyoiharibu

Miaka thelathini na moja nimekaa na tupa mkononi, nakwangua vibamba vya chuma vya kodiani mpaka sauti ikae sawa. Tulikuwa wanawake tisa kwenye benchi lile, hapa Castelfidardo, mji wa Italia unaoishi kwa kutengeneza kodiani. Halafu mwaka wa sitini na nne tajiri wetu, Nazzareno, akatuletea injinia Duilio kutoka Bologna na kinanda chake cha umeme. Mtu mwenyewe kodiani hajawahi hata kuibeba!

Kinanda kilipopigwa kililia kama kengele ya mlango. Wapiga muziki wa dansi walikisikiliza, wakaenda zao. Nazzareno akanifuata.

"Ersilia, dada yangu, kitie uhai. Noti kumi na mbili, kila moja na skrubu yake."

"Nikishakitia uhai, sisi tisa tutakula wapi?"

"Hatoki mtu hapa. Naapa kwa mama yangu!"

Nikamwamini, mjinga mimi. Nikashika bisibisi, nikaisogeza kila noti unywele mmoja tu, kama tunavyofanya kwenye kodiani, na sauti ikaanza kutetemeka vizuri. Nilipofika noti ya kumi na moja nikahisi mtu mgongoni. Ni Duilio, na kisanduku chake chenye mshale wa kupimia sauti, anaandika kila mahali nilipoiacha skrubu.

"Unaandika nini wewe?"

"Kumbukumbu tu, mama. Usijali."

Kumbukumbu! Damu ilinichemka. Yaani masikio yangu yanaingizwa daftarini huku nimekaa hapo hapo. Ilikuwa imebaki noti moja, ile ya la, kama katika do, re, mi, fa, sol, la. Nikaizungusha skrubu yake mpaka sauti ikatia meno ganzi, nikasema, "Tayari." Mwenye sikio angepiga kelele, na wangejua bado wanatuhitaji.

Duilio akabonyeza la, akatazama mshale, akaandika. "Safi kabisa!"

Wiki tatu baadaye benchi letu lilitupwa nje, na sisi tisa pamoja nalo. Akawekwa msichana mmoja wa kuangalia mshale ufike kwenye namba za Duilio, basi. Nilimwita Nazzareno mwongo mbele ya kiwanda kizima. Akaniambia nikapumzike.

Wenzangu walilia. Nikawaambia walichofichwa wale wanaume: kila kinanda kinatoka na la mbovu. Subirini, vitarudishwa vyote, watakuja kutubembeleza.

Tukasubiri mwaka mzima.

Siku ya Pasaka kanisani kulikuwa na kinanda kipya, zawadi ya Nazzareno. Wimbo ulipofika kwenye la, nilikunja uso. Huku na huko vitini, wanawake wanane walikunja uso pamoja nami. Wengine wote waliimba kwa raha, Duilio akimshinda hata padri.

Nje Nazzareno akanipa mkono. "Umesikia? Malaika watupu!"

"Noti ya la ni mbovu, mpumbavu wewe. Niliiharibu mimi, kwa makusudi."

Akanitazama, kisha akacheka. "Tumeuza mia nne, Ersilia. Hajalalamika hata mmoja."

Niligeuka niondoke. Wenzangu wanane walikuwa wamesimama nyuma yangu kwenye ngazi, na walikuwa wamesikia yote.