Watoto wa Mwisho wa Mei

Risper aliligundua kosa Februari 1999, alipokuwa akiingiza majina ya watoto wa zahanati moja ya Uriri katika kompyuta ya chuo chao, Homa Bay. Programu iliyotoa orodha ya chanjo ilikuwa ya bure, imeandikwa na watu wa nchi mbalimbali ambao hawakuwahi kuonana. Yeyote aliruhusiwa kuisoma ndani na kutuma marekebisho kwa barua pepe. Chanjo ya surua hutolewa mtoto atimizapo miezi tisa. Aliyezaliwa tarehe 31 Mei, programu ilimtafutia tarehe 31 Februari, ikaikosa, ikamruka kimyakimya. Na mama ambaye mtoto wake hayumo katika orodha hakuitwa.

Hesabu hiyo ya tarehe ilikuwa kazi ya Mwalimu Cephas, msimamizi wa chumba cha kompyuta. Ndiye aliyemfundisha Risper kila alichokijua. Orodha ya waandishi wa programu, yenye jina lake, alikuwa ameibandika ukutani.

Aliyekufunza humwendei moja kwa moja na kosa lake. Risper alimpongeza kwanza, kisha akauliza kama Februari haukuwa mwezi msumbufu kidogo. Mwalimu akacheka, akasema Februari huwasumbua hata wenye mishahara. Wiki iliyofuata Risper akauliza kama angependa mtu wa kuzipitia tarehe tena. Akajibiwa kwamba zilishapitiwa.

Ndipo akawaandikia waandishi wote. Barua ilijaa ukurasa mzima: salamu, hali ya mvua, shukrani kwa Mwalimu wake, na karibu na mwisho, jambo dogo kuhusu tarehe. Msimamizi wa programu, mtu wa ng'ambo aliyepokea barua mia kwa siku, alimshukuru kwa maneno mazuri na kumtakia mvua njema.

Katikati ya Machi, Sista Roseline, muuguzi wa zahanati ile, alipiga simu chuoni. Mtoto aliyezaliwa tarehe 30 Mei alikuwa amelazwa kwa surua. Jina lake halikutokea katika orodha ya surua hata mara moja.

Risper aliandika tena siku hiyohiyo. Sentensi ya kwanza ilisema: “Programu inawaruka watoto waliozaliwa tarehe 29, 30 na 31 Mei.” Akaeleza hatua za kulithibitisha kosa, akaambatisha marekebisho ya mistari minne. Hakumtaja Mwalimu, lakini jina lake lilikuwa juu ya sehemu ile. Kesho yake marekebisho yakapokelewa.

Mchana, Mwalimu Cephas alimwita, nakala ya barua hiyo mkononi.

“Umenivua nguo mbele ya watu nisiowajua, nyathina, mwanangu. Kwa nini hukuniambia kwanza?”

“Nilikuambia, Mwalimu. Mara mbili.”

Mwalimu aliitazama tena barua.

“Hukuniambia,” akasema. “Ulinisalimia.”

Risper alitafuta jibu la adabu, akaona ni aina ileile ya maneno iliyomchelewesha wiki zote hizo.

“Ndiyo,” akasema. “Na wako watoto wanane wengine walioachwa.”

Mwalimu aliiweka barua chini, akavuta kiti na kalamu.

“Nisomee majina. Na vijiji.”

Sita walikuwa na vijiji. Wawili, familia zao zilikuwa zimehamia upande wa Kehancha, na hakuna aliyeandika wapi. Mwalimu aliyaandika majina yao pia, akaacha nafasi tupu mbele yake, kisha akainua simu kumpigia Sista Roseline.