Umefunga Koki?

Kaka yangu aliniibia pikipiki mchana kweupe, huku mimi namwogesha baba, halafu akaniachia zawadi uani. Nasema aliniibia, ingawa yeye mpaka leo anasema alinibadilishia.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya baba. Imenizidi umri kwa miaka miwili. Tangi limebonyea upande wa kushoto, kiti nimekishona mara tatu, na mngurumo wake mtaa mzima unaujua. Naisambazia mikate, kreti nne nyuma, alfajiri hadi saa tisa. Wenzangu pale kiwandani wanaiita Bibi. "Bibi kaamka leo?" wananiuliza, wanacheka, wamekaa juu ya pikipiki zao mpya zenye kioo kama cha simu. Mvua ikinyesha taa ya njano inawaka kwenye kile kioo, chombo hakiwaki tena, na hakuna ruhusa ya kukigusa mpaka kipelekwe kwa wakala mwenye kompyuta. Mikate yao nasambaza mimi. Bibi akigoma namfungua plagi, naisugua kwa msasa, nampiga kiki, tunaondoka. Betri ikifa sina habari. Nikikwama njiani najua nimekwama kwa nini, na spana ya kunikwamua iko mfukoni.

Hayo ndiyo ninayowajibu wakinitania. La kweli siwaambii, maana haliwahusu.

Baba amepoteza kumbukumbu. Sura yangu haijui tena. Nikimpelekea uji kabla sijaenda kazini ananiuliza mimi ni nesi wa zamu ipi. Lakini saa tisa, nikikata kona ya mwisho, anausikia ule mngurumo na anajiinua kitandani. Injini ikizima tu, sauti inatoka dirishani: "Umefunga koki?"

"Nimefunga, baba."

"Haya, ingia ule, mwanangu."

Hapo kwa robo saa mimi ni mwanawe. Anakula, anameza dawa, hagombi. Robo saa ikiisha narudi kuwa nesi.

Koki ni ile ya chini ya tangi, inayoruhusu mafuta yateremke kwenye injini. Pikipiki mpya hazina. Baba alitufundisha kuifunga kila tunapoegesha, mafuta yasivuje, na mwizi asifike mbali: akiiwasha itakwenda kwa yale mafuta kidogo yaliyobaki chini, hatua mia chache, kisha itamfia. Alitufundisha sote wawili. Mimi nilisikiliza. Kaka alikuwa anaona haya hata kupakiwa juu yake mbele ya wanafunzi wenzake, alikuwa anashuka kona moja kabla ya shule.

Siku hiyo nilikuwa na mapumziko. Nilikuwa nimemkalisha baba kwenye kigoda bafuni, povu kichwani, nikasikia mtu anapiga kiki uani. Mara ya kwanza, ya pili, ya saba. Nikajua ni Bibi, na nikajua mpigaji hamjui. Nitoke vipi? Baba ukimwachia bega anaanguka. Ikawaka. Ikanguruma, ikatoka getini.

Baba akageuza uso wenye povu. "Mwanangu anaondoka," akaniambia. "Hata kuaga hakuaga."

"Mimi hapa, baba."

"Wewe nakushukuru, nesi. Nasema mwanangu."

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia kaka wakati ule, huku namsuuza baba masikio. Nikamvisha, nikamlaza, nikafunga mlango kwa komeo la nje.

Uani kulikuwa na pikipiki mpya, nyekundu, utepe kwenye usukani, funguo zinaning'inia, na karatasi: "Mdogo wangu, achana na lile dude, upumzike. Nalipeleka kwa wauza vyuma." Nikaipanda ile nyekundu nimfukuzie. Nikabonyeza kitufe, ikawaka kimya kimya. Nikaingiza gia, ikazima. Nikabonyeza tena, nikaingiza gia, ikazima, ikalia pi pi pi kama inanicheka. Mara ya tatu nikaitukana, nikaiacha, nikashuka mlima kwa miguu.

Nilimkuta darajani, chini kabisa. Shati la ofisini limemganda mgongoni, viatu vya ngozi vimejaa vumbi, anapiga kiki na kutukana.

"Unaona?" akaanza hata kabla sijamfikia. "Hata daraja halijavuka. Na wewe ndiyo unabebea mikate ya watu!"

Niliitazama koki. Imefungwa, kama nilivyoifunga jana yake. Mkono mmoja tu ungetosha. Nikaurudisha mkono mfukoni.

"Isukume," nikamwambia.

"Niisukume wapi?"

"Ulikoitoa."

"Mlima wote ule?"

"Si uliishusha mwenyewe? Ipandishe."

Akasukuma. Labda aliogopa nitamwaibisha mbele ya wapita njia, na kweli ningemwaibisha. Mimi nilitembea pembeni, mikono mitupu. Katikati ya mlima akasimama kuhema.

"Ile mpya ina kasoro gani?"

"Inazima."

"Ulikunja stendi?"

Nikapiga teke kokoto.

"Stendi ikiwa chini ile haikubali gia, wewe! Inajizima ili usianguke. Hilo nalo hulijui? Unajifanya fundi!"

Iliniuma, maana alisema kweli. "Chombo kinachonikatalia kwa faida yangu sikitaki," nikasema. "Sukuma."

Alisukuma hatua kumi, akaropoka bila kunitazama. "Baba kwa daktari anampeleka nani? Mimi. Ngazi za hospitali nambeba mgongoni mimi. Nikimfikisha kitandani ananiambia asante, mgeni. Kila nikija, karibu mgeni, umetoka mbali? Mgeni, mimi! Wewe anakuita mwana kwa sababu ya bomba bovu la moshi."

"Kwa hiyo ukaona bora asimjue yeyote."

Akainamia usukani, akasukuma hadi juu.

Getini nikamsogeza pembeni, nikainama, nikafungua koki, nikahesabu hadi kumi mafuta yashuke. Kiki moja. Bibi akanguruma mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta.

Kaka aliitazama koki, akanitazama mimi. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni. "Ulijua toka kule darajani?"

"Toka nilipokufikia."

"Una roho mbaya."

"Ninayo. Nawe ni mwizi."

Nikazima injini. Na papo hapo dirishani: "Umefunga koki?"

Nilifungua mdomo. Kaka alikuwa amegeukia dirisha, mikono imejaa grisi, macho yamemtoka. Sikumwonea huruma, nisiseme uongo. Nadhani nilitaka ashindwe mbele yangu, aitwe mgeni nikisikia. Nikanyamaza.

Akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake iliyopigwa pasi, akapapasa chini ya tangi, akakipata kijiti cha koki, akakigeuza.

"Nimefunga, baba," akasema. Akarudia. "Nimefunga."

Nikajua sauti imemponza, sasa ataambiwa karibu mgeni.

"Haya," baba akasema. "Ingia ule, mwanangu."

Kaka aliingia na viatu vyake vichafu, nusura aangushe mlango. Kupitia dirishani nilisikia kijiko kikigonga sahani, na baba akimuuliza kama njia ilikuwa na matope, na kaka akijibu ndiyo, matope mengi, huku analia kama mtoto. Ile robo saa ilikuwa yangu. Siku nzima nilikuwa nesi, na robo saa yangu alikuwa anaila yeye.

Nikainama kuikagua ile koki. Alikuwa hajaifunga. Alikuwa ameigeuza upande wa akiba, ule wa kumalizia mafuta ya mwisho ya tangi, na yalikuwa bado yanateremka. Nikaifunga mwenyewe, nikakaa kwenye kiti cha Bibi kungoja wamalize kula.